Mabawa ya Moto Kwenye Simu ya Laki Tatu

Mpwa wangu wa miaka 13, pale Busia upande wa Uganda, alidunduliza mwezi mzima akanunua mabawa ya kumvika askari wake ndani ya gemu ya simu. Kwenye tangazo mabawa hayo yanawaka moto wa bluu na kudondosha cheche kila askari anaporuka. Chini ya picha palikuwa na saa inayokimbilia sifuri: yamebaki masaa tisa. Akampa kijana wa kibanda cha mobile money shilingi 18,000, kijana akamwekea almasi, yaani pesa za ndani ya gemu, kwa namba yake ya mchezaji, mabawa yakaja. Akaniletea simu nione. Vibapa viwili vya kijivu mgongoni, vimetulia kama mabati.

"Mjomba, hata moto haupo."

Wiki tatu baadaye mabawa yaleyale yalirudi dukani, na saa nyingine mpya chini yake.

Muuzaji ana la kusema, na si dogo. Gemu yenyewe ni bure. Pambo haliongezi nguvu. Risasi ya asiyelipa inauma vilevile. Mtoto wa Nakawa asiye na hata mia mfukoni anacheza na mwenzake wa Dubai kwa sababu kuna mtu mahali fulani kanunua koti la dhahabu. Turudi kwenye utaratibu wa kulipia gemu nzima kwanza, na wengi wetu huku tutabaki kuchungulia simu za wengine. Tena, nani asiyepamba biashara yake? Mwenye mitumba wa soko la Owino hutundika mbele shati lisilo na doa.

Lakini shati la Owino unalikung'uta, unaliangalia kwapani, ndipo unauliza bei. Bei yenyewe ni shilingi, si almasi zinazouzwa kwa mafungu yasiyolingana na bei ya kitu chochote dukani, hata kila mara zikabaki chache zisizonunua kitu.

Kuhusu saa, Uholanzi wameshaamua. Mei 2024 mamlaka yao ya masoko, ACM, iliitoza Epic Games, wenye gemu ya Fortnite, faini ya zaidi ya euro milioni 1.1. Kosa moja lilikuwa maneno ya kuwasukuma watoto wanunue papo hapo. Jingine lilikuwa saa zenyewe: kuna vitu vilivyoonyeshwa kana kwamba muda unakwisha, kumbe viliendelea kupatikana. Epic ilipinga, ikasema uamuzi una makosa na kwamba mabadiliko yaliyotakiwa yangewaumiza wachezaji. Hapo mimi niko na Waholanzi. Kusifia ni kusifia, ila kumwambia mtoto kitu kinaondoka ilhali hakiondoki ni uongo.

Moto ndio ulionisumbua zaidi. Mwanzoni nilimtetea muuzaji: atajuaje kwamba mpwa wangu ana simu ya bei nafuu, ya laki tatu? Tangazo limerekodiwa kwenye mashine yenye nguvu, basi. Kisha nikakumbuka kwamba gemu ya mpwa wangu, siku ya kwanza kufunguliwa, iliipima simu yenyewe na kujiwekea michoro ya kiwango cha chini ili isikwame. Inajua. Duka liko ndani ya gemu ileile, na bado linamwonyesha moto ambao gemu imeshaamua kutomchorea. Mstari mmoja chini ya picha ungetosha.

Je, serikali iingilie? Hapa nasita. Mwaka 2018 hapa Uganda tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili tutumie mitandao ya kijamii. 2021 kodi hiyo ikaondoka, ikaja asilimia 12 juu ya data. Facebook nayo ilifungwa Januari 2021. Mkono wa dola, ukigusa simu zetu, mara nyingi huacha kodi au kufuli. Sheria hatukosi kabisa: Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mtu awe na miaka 18 kabla ya kufunga mkataba, na ile ya uuzaji wa bidhaa na huduma ya 2017 inataka bidhaa ilingane na maelezo yake. Ila nani atapanda ngazi za mahakama kwa 18,000, dhidi ya kampuni iliyo ng'ambo, wakati aliyepokea pesa ni kijana wa kibanda? Katika makubaliano ya Desemba 2022 na tume ya biashara ya Marekani, FTC, Epic ilikubali kutoa dola milioni 245 za kuwarudishia wateja, kwa madai kwamba vitufe vilipangwa kwa namna iliyowafanya watu walipe bila kukusudia. Fedha hizo ni za wateja wa huko.

Nilimuuliza mpwa wangu: ungeambiwa mapema kwamba moto hautaonekana kwenye simu yako, ungenunua? Akafikiri kidogo. Akasema angenunua tu, maana wenzake wenye simu nzuri wakikutana naye uwanjani, wao wanauona.