Utani una wenyewe

Jana kantini ya kazini kwetu hapa Leipzig, Ujerumani, mpishi mmoja mzee alikuwa ananung'unika. Ile nyama ya sosi ya pilipili hoho, iliyokuwa ikiitwa Zigeunerschnitzel miaka yote, imepewa jina jingine. Mzee anauliza, jina la chakula linamuumiza nani? "Tumezoea tu kuita hivyo, hatumlengi mtu." Nikasimama na trei yangu kama niko stendi ya Nanenane, kwetu Dodoma. Maneno yaleyale ya kwetu!

Zigeuner ndivyo Wajerumani walivyowaita Wasinti na Waroma, jamii zilizodharauliwa Ulaya, karne na karne. Kule Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, walipigwa tatuu ya namba mkononi, mbele yake herufi Z. Wanazi waliwaua kwa mamia ya maelfu. Mwaka 2020 kampuni ya vyakula ya Knorr wakaondoa neno hilo kwenye sosi yao, watu wakapiga kelele, na jina halikurudi. Maneno mengi ya namna hii, ukiyafungua kwenye kamusi ya Duden, unakuta pembeni pameandikwa abwertend, yaani linamshusha mtu. Nimelipenda sana hilo neno dogo la pembeni.

Sasa Mgogo wa Dodoma, kama mimi, ashuke Dar, hata awe na shahada mbili. "Bakuli umeliacha wapi?" Yaani lile la kuombea. Mimi niliulizwa hivyo kwenye usaili wa kazi, mbele ya watu, wakacheka wote. Sikucheka. Nikaambiwa nina hasira, huo ni utani tu.

Utani naujua. Babu alipofariki, Mpwapwa, mtani wetu wa Kihehe alikalia jeneza akagoma kushuka mpaka apewe hela, akamsema marehemu kwa ulafi hadi bibi akacheka katikati ya kilio. Lakini ni yeye aliyechimba kaburi. Ni yeye aliyechota maji na kulala matanga mpaka siku ya mwisho. Ananitukana kwa sababu atanizika, na mimi nitamzika. Wewe wa kwenye usaili, msibani kwetu ulibeba nini? Yako ni dharau, usiivishe kanzu ya utani.

Najua mtakavyosema: kaka kaonja Ulaya, kawa laini, anakuja kutufundisha. Hapana. Huku si peponi. Nimeshatukanwa kwenye tramu kwa neno ambalo Duden inalikemea, na lile la pembeni halikunisaidia kitu. Ila aliyelitamka alijua ametukana, na abiria waliokaa jirani walijua. Hakuna aliyeniambia nicheke. Hicho tu ndicho ninachowaonea wivu.

Mwingine atasema, kwani ombaomba kutoka Dodoma hawapo? Wapo. Umewahi kuuliza walianzaje kutoka? Wazee wetu wanaitaja Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Kwenye Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalikomba ng'ombe na nafaka, yakachukua wanaume wakawe wapagazi, halafu mvua ikakata. Watu wakafa, wengine wakaondoka kwenda kutafuta chakula kwa wenzao. Na mvua yetu hata mwaka mzuri ni ya kuhesabu, wastani milimita 570 hivi. Kwa mvua hiyo Mgogo analima uwele na mtama, anafuga, zabibu anavuna, na mgeni akifika nyumbani kwake halali njaa. Huyo ndiye unamfanya bakuli?

Kinachonichosha zaidi ni sisi wenyewe. Wiki iliyopita mdogo wangu, yuko chuo hapohapo Dodoma, katupia kwenye grupu la familia picha ya mzee mwenye kopo, chini yake pameandikwa kabila letu, na yeye kaweka vikatuni vya kucheka. Nikamuuliza, aliyekutumia hii ni mtani wetu? Akasema hapana, ni jamaa tu wa darasani. Nikamuuliza kama huyo jamaa alikuja kumzika babu.

Bibi naye yumo kwenye hilo grupu. Kaiona.