Idadi ya watalii Zanzibar: tuhesabu vichwa au tuhesabu kinachobaki?

Kule Paje kuna kichochoro kinachopita baina ya kuta mbili za hoteli. Upana wake hauzidi hatua mbili za mtu mzima. Zamani hapakuwa na kichochoro. Palikuwa na minazi, na kila mtu alishukia pwani alipotaka. Januari iliyopita nilisimama hapo asubuhi ya bamvua, maji yamekupwa hadi karibu na mwamba, nikawapisha kinamama watatu waliokuwa wakipanda na viroba vya mwani kichwani, maji yakiwachuruzika mabegani. Aliyekuwa mbele ilimbidi apite ubavuubavu ili kiroba chake kisikwaruze ukuta. Nyuma yao akaja kijana wa Kizungu amekumbatia kaiti yake, lile tiara kubwa la kuchezea baharini. Wakaamkiana, kila mmoja akenda zake.

Kichochoro hicho hunijia akilini kila tarakimu za utalii zinapotangazwa. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 736,000, kutoka kiasi cha 638,000 mwaka uliotangulia. Visiwa hivi, kwa sensa ya 2022, vina watu wapatao 1,890,000. Tangazo likishatoka, barzani watu hugawika. Wako wanaosema tuongeze, tufike milioni. Wako wanaosema tumeshajaa, sasa tutafute wachache wenye fedha nzito, kama wanavyofanya jirani zetu wa Bahari ya Hindi. Nimewasikiliza wote kwa miaka, na ninaona kila upande umeshika kipande cha ukweli.

Wanaotaka wengi siwadharau hata kidogo. Utalii ndio unaoleta zaidi ya robo ya pato la Zanzibar, na sehemu kubwa ya fedha za kigeni. Karafuu peke yake haitutoshi tena. Tena mtalii wa kawaida, yule anayelala nyumba ya wageni Mji Mkongwe kwa bei ya kawaida, fedha yake hupita mikono mingi: dereva wa teksi, mwenye duka la kanga, mpishi wa urojo Forodhani, kijana anayemtembeza mashamba ya viungo Kizimbani. Ukimfungia mlango huyo kwa kuwa mfuko wake mdogo, wanaoumia ni hao niliowataja, ambao hawana hisa katika hoteli yoyote.

Upande wa pili nao wanaonesha maji na taka. Unguja ni kisiwa cha mawe ya matumbawe. Maji matamu yako chini, yanategemea mvua, na ukivuta kupita kiasi pwani, maji ya chumvi hupanda yakaingia visimani. Kila chumba kipya ni bomba jipya, shimo jipya la maji machafu, na mfuko mpya wa taka unaotafuta pa kutupwa. Wanatukumbusha Ushelisheli, nchi ya watu kiasi cha laki moja, ambayo mwaka 2015 ilisitisha hoteli kubwa mpya katika visiwa vyake vikuu kwa kuona kwamba ardhi, maji na wafanyakazi havitoshi, na ambayo kufikia 2020 ilikuwa imetenga asilimia 30 ya eneo lake la bahari kuwa hifadhi. Halafu wanaionesha Bali, ambayo fukwe zake za kusini zinapigwa na mawimbi ya bahari hii hii ya Hindi: wageni wa nje zaidi ya milioni sita mwaka 2024, foleni za magari zisizokwisha, na mashamba ya mpunga yakigeuka majengo ya kifahari moja baada ya jingine.

Nchi inayonifundisha zaidi, hata hivyo, ni Maldivi, kwa sababu wao wamejaribu njia zote mbili, na tunaweza kuzitazama.

Hoteli yao ya kwanza ya kitalii ilifunguliwa 1972. Tangu hapo kanuni ikawa kisiwa kimoja, hoteli moja: serikali inakodisha kisiwa kisicho na watu, mwekezaji anajenga, mgeni anatoka uwanja wa ndege kwa boti au ndege ya majini moja kwa moja hadi kitandani kwake. Mgeni akinywa pombe, akivaa anavyotaka, kijiji hakimuoni. Kwa nchi ya Kiislamu hilo lilikuwa jambo kubwa, na lazima tukiri kwamba liliwaepusha na mivutano tunayoijua sisi, ya wageni kupita nusu uchi mbele ya madrasa. Wakati wa korona pia njia hiyo iliwafaa: Julai 2020 walifungua mipaka, kila kisiwa cha hoteli kikiwa karantini ya asili, na mwaka 2021 wakapata wageni zaidi ya milioni moja na laki tatu.

Lakini miaka karibu arobaini ya utaratibu huo, mvuvi wa kisiwa jirani aliziona taa za hoteli usiku na kilichomfikia kilikuwa hicho tu. Kodi na ada za ukodishaji ziliingia serikalini, faida ikaenda kwa matajiri wachache na kampuni za nje, na kazi nyingi zikafanywa na watu kutoka Bangladesh, India na Sri Lanka. Ndiyo maana baada ya uchaguzi wa 2008 sheria ililegezwa, watu wa kawaida wakaruhusiwa kufungua nyumba za wageni katika visiwa wanamoishi. Kisiwa cha Maafushi kilichokuwa kikijulikana kwa gereza kikawa na nyumba za wageni mtaa mzima, na sehemu ya ufukwe iliyotengwa kwa ajili ya mavazi ya kuogelea, pombe ikibaki marufuku. Hao ndio mabingwa wa utalii wa wachache tunaoambiwa tuwaige! Wao wenyewe walipotaka fedha iwafikie raia, walifungua mlango kwa mgeni wa bei nafuu, na mwaka 2024 wakapita wageni milioni mbili.

Kwa hiyo hoja kwamba tajiri mmoja ana faida kuliko wanyonge kumi siikubali kirahisi. Hata kwenye maji haisimami. Uchunguzi uliofanywa Nungwi, Kiwengwa na Jambiani na kutolewa 2012 ulionesha kuwa chumba cha hoteli ya nyota tano kilitumia zaidi ya lita 3,000 kwa siku, chumba cha nyumba ya wageni chini ya lita 700, na kaya nzima ya kijijini chini ya lita 100. Bwawa la kuogelea, bustani ya majani ya kumwagilia, shuka za kubadilishwa kila siku: anasa ndiyo inayokunywa.

Mimi naona tunagombana juu ya idadi, na swali liko kwingine. Fedha ya mgeni, awe tajiri au hohehahe, inakaa wapi?

Chukua nyanya. Nyingi zinazoliwa katika hoteli zetu zinavushwa kutoka bara, na vyakula vingine vinatoka mbali zaidi ya hapo. Watu hulalamika kwamba hoteli haziwapendi wakulima wetu. Nimewahi kukaa jikoni na mpishi mkuu mmoja, kijana wa Makunduchi, akanifahamisha mambo yalivyo. Anataka kilo zile zile kila siku, ukubwa ule ule, zenye risiti. Mkulima wa Kitope ana nyanya nzuri wiki tatu, wiki ya nne hana. Kisha hoteli inalipa baada ya siku sitini, pengine tisini, na mkulima mdogo hawezi kungoja hivyo kwa sababu mbolea ameikopa. Anayeweza kungoja ni mfanyabiashara mwenye mtaji, naye huyo hununua kunakopatikana kwa wingi. Hakuna aliyekusudia ubaya hapo, na bado fedha inavuka maji. Dawa yake ni ushirika wenye chumba cha baridi, na sheria ya kulipa mkulima mdogo ndani ya wiki mbili. Kongeza au kupunguza watalii hakugusi jambo hilo.

Samaki ni kisa kingine, na hapa ndipo ninapopata tabu kuhukumu. Kamba na nguru hoteli zinanunua kwa mvuvi wetu, kwa bei nzuri, na mvuvi anafurahi, ana haki ya kufurahi. Mke wa jirani yake, ambaye mumewe si mvuvi, sasa anakula dagaa. Ukimuuliza mvuvi, utalii ni neema. Ukimuuliza yule mama, hajui aseme nini, maana mwanawe wa kiume anafanya kazi kwenye hoteli hiyo hiyo.

Tozo nazo zina pande mbili. Tangu Oktoba 2024 kila mgeni wa nje anayeingia Zanzibar analipa dola 44 za bima. Waliopinga walisema tutawafukuza. Mimi sikuona ubaya, kwa sababu mgeni akivunjika mguu Nungwi lazima mtu amgharimie. Ila jambo moja linanikera. Maldivi wanatoza kodi ya mazingira kwa kila usiku, na tangu Januari 2025 ni dola 12 kwa hoteli kubwa na dola 6 kwa nyumba ndogo za wageni zilizo katika visiwa wanamoishi watu. Ushelisheli tangu Agosti 2023 wanatoza kwa usiku, rupia 25 hadi 100 kwa kufuata ukubwa wa hoteli. Yaani wametofautisha. Ya kwetu ni bei moja, awe mgeni wa siku tatu katika nyumba ya wageni ya bibi wa Jambiani au wa siku kumi katika jumba la kifahari. Tungeweza kujifunza kwao bila kuona haya.

Na pwani yenyewe je? Morisi, ambako hoteli zimesongamana kuliko kwetu, sheria inasema ufukwe hadi maji yanapofikia wakati wa kujaa ni wa umma; familia za huko siku ya Jumapili hujaa pwani na vyungu vyao vya biriani, mbele ya hoteli yoyote. Hapa kwetu mwani ulianza kulimwa 1989 kijijini Paje na Jambiani, na kwa maelfu ya wanawake ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha yao wenyewe. Sasa joto la maji linaua ule mwani wa bei ya juu, na mahali pa kupiga mambo, yaani vigingi vya mwani, na kufunga kamba panagombaniwa na kaiti. Mwenye skuli ya kaiti ana leseni na analipa kodi. Mkulima wa mwani hana karatasi. Ana miaka thelathini ya kushuka hapo. Nikiulizwa nani apishe, nasema bila kusita: mwenye kaiti. Upepo uko pwani nzima, lakini bwawa la mchanga lenye maji ya kina kinachofaa mwani haliko kila mahali.

Liko jambo jingine ambalo pande zote mbili za barza zinalisahau, nalo ni mgeni anayezungumza Kiswahili. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa, kampuni za watalii zikawaondoa wateja wao kwa ndege, na hoteli nyingi za pwani ya Kenya zikafungwa. Waliowasitiri walikuwa Wakenya wenzao. Treni ya kisasa ilipoanza Juni 2017, familia za Nairobi zikawa zinashuka Mombasa kwa saa chache, na Desemba huko Diani na Nyali utasikia Kiswahili cha Nairobi kila meza. Sri Lanka walipopigwa na mabomu ya Pasaka 2019, kisha korona, hawakuwa na ngao kama hiyo, na kukauka kwa dola za watalii ni moja ya mambo yaliyowafikisha 2022 wakikosa fedha za kununulia mafuta.

Ninajua hoja ya wenye hoteli: mgeni kutoka Dar es Salaam au Nairobi halipi bei ya Mtaliano. Ni kweli, Agosti halipi. Lakini masika je? Aprili ikiingia, mvua zikikaza, hoteli nyingi za mashariki hufunga milango hadi Juni. Nimewahi kupanda gari ya shamba wiki ya kwanza ya Aprili kutoka Bwejuu, nikakaa na binti anayetandika vitanda katika hoteli moja huko. Alikuwa na begi lake na ndoo mpya ya plastiki aliyonunuliwa na wenzake. Ameambiwa arudi Juni, mshahara hakuna mpaka arudi. Nikamuuliza wangapi wamepewa likizo hiyo. Akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza tena: "Sote wa vyumbani. Na wa jikoni, isipokuwa mmoja anayebaki kuwapikia walinzi."