Msamaha wa waasi Uganda ulikuwa sawa, lakini mbona hatukuuliza watoto waliotekwa wako wapi?

Mwaka jana niliitwa kwa jirani mmoja hapa chini ya mlima Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kwenye ile barabara ya kutoka Fort Portal kwenda Bundibugyo, nikawe shahidi wakigawa shamba. Mzee alishafariki, amebaki mama na watoto wake ambao sasa nao ni wazee wenye wajukuu. Chamani wa LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, yupo, kamba ya katani ipo, miche ya kupanda mpakani imeshachimbwa inangoja, na kijana mkubwa akasema haya tukate mara tano. Mama akasema mara sita. Hakupaza sauti, alisema tu mara sita, na wote wakaangalia chini maana wote walijua wa sita ni nani.

Wa sita alikuwa na miaka 17 alipochukuliwa. Kwa wale ambao walikuwa hawajazaliwa, tarehe 8 Juni 1998 waasi wa ADF, kundi lililokuwa linapigana na serikali ya Uganda, waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba kabla hakujapambazuka, wakachoma mabweni na wanafunzi wakiwa ndani, wanafunzi 80 wakafa kwa moto, na wengine kama 100 hivi wakafungwa wakapandishwa mlimani. Waliokufa wana kaburi la pamoja pale chuoni, kila Juni kuna ibada, wazazi wao wanajua pa kusimama na pa kuweka maua. Waliochukuliwa ndo habari nyingine. Wapo waliotoroka wakarudi, wapo waliokombolewa na jeshi, na wapo ambao mpaka leo hakuna mtu amefika kwa mama yao kusema hiki wala kile. Hawako kwenye kaburi, hawako nyumbani.

Sasa swali ambalo limenikaa kichwani tangu ile siku ya kamba ni hili. Hapa Uganda mwaka 2000 Bunge lilipitisha sheria ya msamaha. Mtu yeyote aliyepigana na serikali tangu 26 Januari 1986, awe ADF, awe LRA ya Joseph Kony kule kaskazini, awe kundi lingine lolote, akiripoti, akakana vita, akatoa silaha kama anayo, alikuwa anapewa cheti anaenda kwao. Zaidi ya watu 26,000 wamepita njia hiyo. Na katika masharti yote hakuna hata moja linalosema tuambie ulichokiona. Hakuna aliyelazimika kujibu, yule mvulana wa Kichwamba mara ya mwisho ulimuacha wapi, alikuwa anatembea ama amelala? Je, tulifanya vizuri kutouliza?

Wako wanaosema tulifanya vizuri sana na mi siwezi kuwadharau, kwa sababu wengi wao wameishi hiyo vita kuliko mimi. Kwanza, kumbuka hao waliotoka porini ni kina nani. Upande wa kaskazini UNICEF wanakadiria LRA waliteka watoto zaidi ya 25,000, yaani aliyekuwa anapokea cheti cha msamaha mara nyingi alikuwa ni mtoto wa mtu aliyetekwa, naye aliwahi kupotea, naye mama yake alilia. Huyo ukimkalisha mezani ukamwambia tuambie waliokufa ni nani, swali linalofuata ni nani aliwaua, na jibu linaweza kuwa ni yeye, maana watoto walikuwa wanalazimishwa kuua wenzao waliojaribu kutoroka ili wasiwaze tena kurudi nyumbani. Utamlaza vipi huyo kijana kijijini baada ya maneno kama hayo, na mama wa marehemu anakaa nyumba ya tatu? Na kama habari zingefika porini kwamba ukitoka unahojiwa, nani angetoka? Viongozi wa dini wa Acholi waliopigania hii sheria, Waislamu, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, hawakuwa wajinga. Walitaka watoto watoke, full stopu.

Pili, na hii huwa haisemwi sana, habari za waliopotea ni biashara pia. Huyo mama jirani yangu amewahi kuuza mbuzi wawili kumlipa mtu aliyekuja kusema amemuona kijana wake huko mji wa Beni, Congo, yuko hai, anachoma mkaa, anahitaji nauli tu arudi. Akatoa pesa. Akangoja. Yule mtu hakuonekana tena. Sasa zaidi ya miaka 25 imepita, ukifungua mlango wa kuuliza unafungulia na hao matapeli, na hata watu wa kweli kumbukumbu zimechakaa, mtu atasema tulimuacha karibu na mto, mto gani, hajui, mlima ule una mito mingapi.

Hayo yote nayakubali. Lakini kuna upande wa pili, na kila nikiufikiria naona una uzito zaidi.

Tazama Aboke. Usiku wa kuamkia 10 Oktoba 1996 LRA waliingia shule ya wasichana ya St. Mary's huko Aboke, Lango, wakachukua wasichana 139. Sista Rachele Fassera, Mtaliano aliyekuwa naibu wa mkuu wa shule, akawafuata porini kwa miguu na mwalimu mmoja, John Bosco Ocen, akaomba, akapiga magoti, akarudi na 109. Walibaki 30. Na majina ya hao 30 yalijulikana, moja moja, hayakuwa namba. Wazazi wakaunda chama chao, Angelina Atyam akiwa mmoja wa viongozi, na kelele waliyopiga ilifika mpaka Umoja wa Mataifa, ambao mwaka 1998 walimpa yule mama tuzo ya haki za binadamu. Waasi walimtumia ujumbe kwamba nyamaza, tutakupa binti yako. Akakataa, akasema wote ama hakuna, na binti yake akaja kutoka mwenyewe mwaka 2004. Wengine walikufa huko, wengine walitoroka mmoja baada ya mwingine, na wa mwisho alirudi 2009, zaidi ya miaka 12 baadaye. Kila mmoja aliyetoka alikuwa anaulizwa na wazazi, fulani je, fulani yuko wapi, na alikuwa anajibu. Hakuna mahakama iliyoitwa. Ni mama wanauliza na msichana anajibu akiwa analia.

Kwa hiyo wanaosema ukiuliza watu wataogopa kutoka, Aboke inawajibu. Waliulizwa na walizidi kutoka. Kilichowasaidia ni kwamba aliyeuliza hakuwa polisi na kulikuwa na orodha. Sisi wa Kichwamba na vijiji vyote vilivyochukuliwa mtoto mmoja hapa wawili pale, shambani, njiani wakienda kuchota maji, orodha yetu iko kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanakufa. Hata kule kaskazini kwenyewe, nyuma ya wale 30 kuna maelfu ambao hawakuwa na sista wa kuwafuata, wala hawakupata mtangazaji wa kuwataja.

Halafu watu wanasema kuna mahakama siku hizi, ngoja haki ifanye kazi. Sawa, makamanda wawili wa LRA wamehukumiwa: Dominic Ongwen alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule The Hague mwaka 2021, miaka 25, Thomas Kwoyelo akahukumiwa hapa hapa Uganda mwaka 2024, miaka 40. Na wote wawili walitekwa wakiwa watoto, Ongwen akiwa njiani kwenda shule. Sisemi kesi hizo si kitu. Ila kesi inataka kujua kama mshtakiwa ana hatia, basi, na mshtakiwa mwenye wakili mzuri anaambiwa anyamaze. Mama anataka kujua mtoto wake amelala wapi. Ukimuunganisha mama na mwendesha mashtaka kwenye swali moja, mama ndo anayepoteza, kwa sababu anayejua jibu anaogopa yule mwingine.

Hapo ndo naona kosa letu lilikuwa. Tulidhani kuuliza na kuhukumu ni kitu kimoja, kwa hiyo tuliposamehe tukaona ni lazima tunyamaze pia. Kumbe vinaweza kutenganishwa. Ireland ya Kaskazini walifanya hivyo mwaka 1999, serikali za Uingereza na Ireland zilianzisha tume ndogo kwa ajili ya watu waliouawa na kuzikwa kisiri na wanamgambo kama IRA, na sheria ikasema habari yoyote utakayoleta kwa hiyo tume haiwezi kutumika mahakamani dhidi ya mtu yeyote. Unapiga simu, unasema chimbeni pale karibu na ule mti, unakata. Wengi wa waliokuwa kwenye orodha yao wameshapatikana, na baadhi walipatikana zaidi ya miaka 30 baada ya kupotea, kwenye ardhi ya majimaji ambayo hata wenyewe waliozika walikuwa hawaikumbuki vizuri. Najua ile ni orodha fupi ya watu wasiofika 20 na nchi zenye hela, sisi tuna maelfu na msitu wa Congo ambao bado una vita. Lakini kanuni yenyewe haina gharama. Ni ahadi tu iliyoandikwa kwenye sheria kwamba ukisema hufungwi, jina lako halitajwi, na mama anapata habari.

Sera ya taifa ya haki ya mpito, yaani haki baada ya vita, ilipitishwa mwaka 2019 na inazungumzia kusema ukweli. Vizuri. Ila sera haijui kupanda mlima kwenda kwa mama wa miaka 80. Mi ningependa tuanze na kitu kidogo, daftari. Kila LC1 iandike nani alichukuliwa, siku gani, umri gani, alivaa nini, alikuwa na jino lililovunjika ama kovu mguuni, na nani katika wale waliorudi alikuwa naye. Hilo hata halihitaji Bunge.

Na kuna kingine ambacho hakiwezi kungoja, vinasaba, hiyo DNA. Tumeona Mpondwe tarehe 16 Juni 2023, ADF walipoingia shule ya sekondari ya Lhubiriha kama kilomita mbili tu kutoka mpaka wa Congo, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, wakachukua wengine, na baadhi ya miili iliungua mpaka mzazi hawezi kumtambua mwanae, ikabidi wazazi watoe sampuli zipimwe. Kwa hiyo kazi hiyo tunaiweza hapa hapa nchini. Lakini kwa Kichwamba, kwa Aboke za vijijini zisizo na jina, siku mifupa itakapopatikana huko bondeni, tutailinganisha na nani? Mama akishakufa, umepoteza sampuli bora kuliko zote. Kila mazishi ninayoenda huku ya bibi aliyepotelewa na mtoto naona tunazika na jibu.

Wengine wananiambia huyo mama muacheni na matumaini yake, ukimletea mfupa unamuua. Mi nilikuwa naogopa hivyo hivyo. Kuna familia huku ambazo zimechoka zikazika mgomba wa ndizi mahali pa mtu, zikafunga matanga, na zimepata usingizi. Huyu alikataa kuzika mgomba. Na sheria haimsaidii, maana ile sheria yetu ya mali za watu waliopotea inashughulika na mali aliyoiacha aliyepotea, na kijana wa miaka 17 aliacha sanduku la bati la shule na godoro moja alilokuwa analalia kwa zamu na kaka yake. Alichokuwa nacho ni sehemu yake ya shamba, ambayo haijawahi kuwa yake.

Siku ile mwishoni walikata mara sita. Ile ya sita ni ukanda mwembamba wenye kahawa kama miti 40, na mama ndo anaichuma mwenyewe, anaianika kwenye turubai lake peke yake isichanganyike na ya wengine. Akiniletea kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, nipime, anakuja na magunia mawili, na lile dogo linapimwa kivyake na pesa yake inafungwa kwenye kitambaa kivyake.

Juzi nilimwambia habari ya vinasaba, kwamba wanapitisha kijiti chenye pamba ndani ya shavu, hakuna sindano. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza hayo mate wakishachukua yanakaa miaka mingapi kabla hayajaharibika. Nikamwambia yakikaushwa na kutunzwa vizuri yanakaa miaka mingi, yanaweza kutuzidi sisi wote. Akasema basi waje, yeye yupo nyumbani kila siku, isipokuwa Jumapili asubuhi.