Sangara, klorini na maswali ya ufahamu: Kiingereza cha mada kinamfaa nani?

Kila aliyepita sekondari Tanzania analijua zoezi hili: kifungu cha habari cha Kiingereza, maswali machache chini yake, na saa inakimbia. Kilichobadilika ni habari yenyewe. Zamani tulipewa kisa cha sungura au cha mtoto mtoro. Siku hizi madarasa ya jioni ya Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Igoma, yanapenda vifungu vya mada, yaani sayansi, elimu na kazi: tabianchi, masomo ya mtandaoni, usalama kiwandani, usahili. Walimu wanasema hicho ndicho Kiingereza kitakachomlipa mtu. Wengine, hasa walimu wa fasihi, wanaona tunawanyima vijana hadithi na kuwapa makaratasi makavu.

Wanaotetea mada huanza na mtihani. Kijana anayetafuta chuo au kazi nje ya nchi hukutana na IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, na karatasi yake ya kusoma ina maswali 40 kwa dakika 60. Anayekwenda kusoma hupewa maandishi ya vitabuni, majaridani na magazetini. Anayekwenda kufanya kazi au kuhamia huwa na sehemu nzima ya maandishi ya kazini. Mwalimu anayefundisha kwa mada anafundisha kitakachoulizwa, basi. Hoja hiyo ni ya kweli lakini ni nyepesi, kwa sababu wengi wanaosoma Kiingereza Mwanza hawatafanya IELTS maisha yao yote.

Hoja nzito iko kwingine. Mwaka 1988 Recht na Leslie, watafiti wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa dhaifu kusoma lakini wanaujua mchezo waliielewa habari kuliko hodari wa kusoma wasioujua. Ujuzi wa jambo ulifidia udhaifu wa usomaji. Kwa mtu wa kando ya ziwa hii ni habari njema. Kijana aliyekulia Kirumba, anayejua tofauti ya sato na sangara kabla hajajua kuandika jina lake, akipewa kifungu cha Kiingereza kuhusu matundu ya nyavu na samaki wachanga, hahitaji kamusi kwa kila mstari. Anajua habari inaelekea wapi. Maneno asiyoyajua anayakisia kwa kile anachokijua, na mara nyingi anakisia sawasawa.

Halafu kuna msamiati. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya familia 570 za maneno (neno pamoja na maumbo yake) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Familia hizo hubeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo, ilhali kwenye hadithi hupatikana kwa nadra. Anayesoma hadithi peke yake atajua jinsi Waingereza wanavyoita machozi, mlango unaolia na mvua ya ghafla, lakini akifungua ripoti ya mazingira atakwama aya ya kwanza. Hapo wapenzi wa mada wameshinda, na sioni jibu la upande wa pili.

Ila ujuzi wa jambo una upande wake mbaya, nao hauonekani mpaka umkalie msomaji pembeni. Chukua kifungu cha aina inayopendwa sana huku kwetu. Kinaeleza kwamba sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaongezeka kwa kasi miaka ya 1980, na kwamba katika kipindi hicho aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zilitoweka. Kinaongeza kwamba maji nayo yalizidi kuchafuka. Chini yake kuna sentensi ya kupima: sangara peke yake ndiye aliyewamaliza furu. Msomaji achague: kweli, si kweli, au kifungu hakisemi.

Mtoto wa Mwanza anaandika "kweli" bila kurudi juu. Tangu utotoni amesikia sangara kala furu, habari imekwisha. Mgeni asiyelijua ziwa anarudi kwenye maandishi, anaona yametaja mambo mawili na hayakusema lipi lilifanya nini, anaandika "hakisemi" na kupata alama. Yule anayelijua ziwa amekosa kwa sababu analijua. Hakusoma, alikumbuka.

Na habari kamili imechangamana kuliko kumbukumbu zetu. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuwa wakiwafuatilia furu wa Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970. Mwaka 1997 jarida la Science lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba uchafu wa maji nao una mkono wake: furu jike humchagua dume kwa rangi, na maji yakiwa na ukungu rangi hazionekani, hivyo aina zinachanganyikana. Anayejibu kwa mazoea hawezi kuujua utafiti huo hata akipewa auone, maana macho yake yatapita juu yake yakitafuta sangara.

Kwa hiyo ninapoambiwa "tumia mada wanazozijua", nakubali, lakini kwa sharti moja. Baada ya maswali ya kawaida liwepo swali la nyongeza: kifungu hiki kimesema nini ambacho wewe usingekisema? Swali hilo halijibiki kwa kumbukumbu. Nimeliona likimtuliza kijana mjuaji kuliko karipio lolote.

Kwenye sayansi tatizo hili huwa zito zaidi, kwa sababu vifungu vya mazoezi hupenda kuifupisha sayansi mpaka inapoteza tahadhari zake. Mfano umo humu humu mkoani kwetu. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika vijijini Mwanza: jamii 12, sita zikiboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa na sita zikisubiri. Baada ya miaka miwili maambukizi mapya ya VVU yalikuwa chini kwa karibu asilimia 40 upande ulioboreshewa. Ni miongoni mwa matokeo yaliyolitangaza jina la Mwanza katika vyuo vya tiba duniani, na wenyeji wengi hawajawahi kuyasikia kwa sababu yaliandikwa kwa Kiingereza kizito.

Yafupishe matokeo hayo kwa mistari mitano ya darasani na utapata "ukitibu magonjwa ya zinaa, VVU inapungua". Miaka minne baadaye, mwaka 1999, jaribio la Rakai, ng'ambo ya ziwa upande wa Uganda, halikuona punguzo hilo. Njia yao ilikuwa tofauti: walitoa dawa kwa watu wote kwa mpigo, kila baada ya miezi kadhaa, wakati Mwanza iliboresha huduma ya kila siku ya zahanati kwa wenye dalili. Hatua ya janga pia haikuwa ile ile. Msomaji wa makala yenyewe ya 1995 anakuta mipaka hii imeelezwa tangu mwanzo: wapi, kwa nani, kwa njia gani. Msomaji wa kifungu cha mazoezi anabaki na kauli moja nene. Kama lengo ni kumfundisha mtu kusoma sayansi kwa Kiingereza, kuziondoa tahadhari ni kuondoa kile hasa kinachomshinda. Ningependa kifungu kifupi cha aya mbili za kweli, na ugumu wake wote, kuliko ukurasa mzima uliolainishwa.

Vifungu vya elimu sina mengi ya kusema juu yake. Vingi ni insha za umuhimu wa elimu, faida tatu na hasara mbili za kompyuta darasani. Ukisoma kimoja umesoma vyote, na jibu unalijua kabla ya kusoma.

Kazini ndiko ninakoegemea upande wa mada bila kusitasita, ingawa huko pia lipo la kusema. Viwanda vya minofu vya Mwanza vilijifunza kwa maumivu mwishoni mwa miaka ya 1990, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria, kwamba soko linadai kumbukumbu: joto la chumba baridi, dawa iliyotumika kusafishia meza, saa iliyotumika, nani alitia saini. Maandishi mengi ya aina hiyo huja kwa Kiingereza. Chukua dumu la dawa ya klorini ya kusafishia sakafu. Lebo haina aya. Ina jedwali la vipimo, kiasi fulani kwa sakafu na kingine kwa visu, alama za hatari, na chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, onyo kwamba isichanganywe na asidi. Sentensi zake nyingi hazina hata mtenda. Dawa nyingine ya kuondoa magamba ya chumvi, iliyokaa rafu hiyo hiyo, ni asidi. Ukizichanganya inatoka gesi ya klorini, ambayo huunguza mapafu.

Ni zoezi gani la darasani linamwandaa mfanyakazi kwa lebo hiyo? Kifungu kizuri kinachoitwa "Usalama Kazini", chenye utangulizi na hitimisho, hakimwandai sana. Lebo haimuulizi swali, na yeye ndiye anayepaswa kujiuliza: inaruhusu nini, inakataza nini, na inazungumzia dawa gani nyingine niliyo nayo humu ndani? Darasa la Kiingereza cha kazini lenye maana lingeleta dumu tupu mezani badala ya fotokopi.

Wapinzani wana hoja hapa ambayo haisemwi vya kutosha. Kwa nini mzigo wa kuelewa awe wa mfanyakazi? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na kama hayaelewi, mwajiri ahakikishe anaelezwa kwa namna anayoielewa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama. Mwelekeo wa nchi, kwenye karatasi angalau, ni kumletea mtu maandishi kwa lugha yake. Ukijaza madarasa ya jioni watu wa kufundishwa kusoma mikataba ya Kiingereza, unaweza kuwa unamsaidia mwajiri kukwepa wajibu wake. Naikubali hoja hiyo kwa mikataba. Kwa lebo ya klorini siikubali, maana dumu limetoka nje na zamu ya usiku haiwezi kumsubiri mkalimani.

Mtu mzima mwenye kazi au fani, basi, asome kwa mada. Mtoto wa kidato cha kwanza wa shule ya kata ana hesabu nyingine kabisa. Nyumbani kwao, Magu au Kwimba, wanaongea Kisukuma. Miaka saba amesoma kwa Kiswahili, na Kiingereza kikiwa somo moja tu. Sasa baiolojia, kemia na jiografia vyote vimegeuka Kiingereza kwa mpigo. Watafiti wa msamiati Hu na Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000, waliona kwamba ili mtu aelewe maandishi bila msaada anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno yake, yaani asilolijua liwe moja katika hamsini. Kwenye ukurasa wa kitabu cha baiolojia, katika kila maneno hamsini mtoto huyu hukwama mara nyingi mno. Ukimwongezea kifungu cha sayansi kwenye somo la Kiingereza umempa jambo asilolijua kwa lugha asiyoijua, na besiboli ya wale watafiti inamgeuka: hana ujuzi wa kufidia.

Nchi hii imewahi kulisikia jambo hili. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, tume ya rais kuhusu elimu, ilipendekeza sekondari ifundishe kwa Kiswahili, na serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walikagua Kiingereza cha shule zetu na kukuta wanafunzi wengi hawakiwezi kama lugha ya kujifunzia. Mradi uliofuata, kwa fedha za Uingereza, ulileta shuleni vitabu vya hadithi za Kiingereza chepesi, visomwe vingi na kwa raha. Mtu anaweza kubishana na siasa ya mradi ule, maana ulikuja kukiokoa Kiingereza baada ya Kiswahili kuwekwa kando. Kwenye ufundishaji wenyewe walilenga penyewe. Hadithi nyepesi humpa mtoto maneno ya kawaida kwa wingi, yale ambayo bila hayo hata orodha ya Coxhead haina pa kushikia.

Sera ya elimu ya 2014 iliruhusu lugha zote mbili kufundishia, lakini darasani sekondari mambo yamebaki vilevile. Wakati tunasubiri, mahali pa kuanzia pa bei rahisi ni kwa mwalimu wa baiolojia wa kidato cha kwanza. Afundishe kichocho, ugonjwa ambao watoto wa ufukweni wanaujua kwa miili yao, kwanza kwa Kiswahili: konokono, maji, minyoo, kinyesi chenye damu. Wakishakielewa wafungue aya moja ya Kiingereza ya kitabu chao, waisome pamoja, halafu awaulize ile aya imeongeza nini ambacho hakikusemwa kwa Kiswahili. Mwalimu huyo atakuambia mada za muhula haziishi kwa mwendo huo, na hajakosea. Itabidi mkuu wa shule aamue zipi ziachwe.