Kuanzia chuo cha jamii, kumalizia Berkeley: njia hii inamfaa nani?

Kwenye sherehe zetu huku California, mzazi akiulizwa mwanawe anasoma wapi na jibu likawa "chuo cha jamii", yaani chuo cha umma cha miaka miwili, cha bei nafuu, sauti hushuka kidogo. Aliyeingiza mtoto moja kwa moja UCLA, kampasi ya Chuo Kikuu cha California iliyoko Los Angeles, hangoji hata kuulizwa. Aibu hiyo haina msingi, ila sifa zinazomiminiwa siku hizi njia hii ya kuanzia huko kisha kuhamia chuo kikuu nazo zimepita kipimo.

Tuanze na hela, maana ndipo watetezi wake walipo na nguvu. Kwenye chuo cha jamii, mkazi wa California hulipa dola 46 kwa yuniti moja, kile kipimo cha uzito wa kozi. Yuniti 60 za kuhamia mwaka wa tatu wa Chuo Kikuu cha California ni dola 2,760, na wenye kipato kidogo aghalabu husamehewa hata hizo. Chuo kikuu chenyewe, ada ya mwaka mmoja tu inapita dola 14,000. (Mwenye viza ya mwanafunzi hesabu yake ni nyingine, yeye hulipa mara kadhaa ya hapo, kote kuwili.) Na shahada ukishaipata haisemi ulianzia wapi.

Mlango wenyewe upo kweli. Jimbo liliwawekea wanaohama nafasi yao katika mpango mkuu wa elimu ya juu wa 1960, na leo kampasi sita za Chuo Kikuu cha California, zikiwemo Davis, Irvine na Santa Barbara, humhakikishia nafasi anayetimiza masharti. Berkeley, UCLA na San Diego hazimo. Hata hivyo UCLA huchukua takriban mmoja kati ya wanne wanaoomba kuhamia, ilhali kwa wanaotoka sekondari hapati hata mmoja kati ya kumi.

Takwimu hiyo ndiyo inayotajwa kila mahali, nami naona inapotosha. Wanaofika hatua ya kuomba wamekwisha kuchujwa. Marekani nzima, wengi wanaoanza chuo cha jamii husema wanataka shahada. Theluthi moja hivi ndio huhama, na baada ya miaka sita ni kama 16 kati ya 100 wenye shahada mkononi. Nje ya California, tena kwenye vyuo binafsi vyenye majina, tundu ni dogo zaidi: Princeton iliacha kupokea wanaohama mwaka 1990, na iliporejea 2018 ilichagua 13 kati ya waombaji zaidi ya 1,400.

Wengine wanapotelea wapi? Wapo wenye kazi za usiku, wapo wenye watoto. Lakini kuna mtego mwingine nimeuona kwenye meza yangu ya jikoni. Mpwa wangu alikuwa amefungua tovuti ya jimbo inayolinganisha kozi: upande mmoja masomo yanayodaiwa na chuo kikuu, upande wa pili yanayofundishwa chuoni kwake. Alitaka uhandisi. Mistari mitatu ilisema hakuna kozi inayolingana. "Mjomba, kwa hiyo ile ya kompyuta niliyopata A haihesabiki?" Kampasi moja ilikuwa inaitambua, nyingine haiitambui.

Halafu kalenda. Maombi hufungwa karibu na mwisho wa Novemba, miezi kama tisa kabla ya kuhama. Kwa aliyeanza Agosti, ile "miaka miwili" ni mihula miwili ya alama, na wa tatu ndio kwanza unaendelea. Kalkulasi ya kwanza ikikupita muhula wa mwanzo, mnyororo mzima wa hesabu na fizikia unasogea mbele, nawe unaweza kusogea nao mwaka mzima.

Hapo ndipo ninapopishana na wanaokinadi chuo cha jamii kama mahali pa kujitafuta: jaribu sosholojia, jaribu uuguzi, utajijua. Anasa hiyo anayo aliyeingia chuo kikuu moja kwa moja. Akibadili fani mwaka wa pili, bado yumo ndani. Anayetaka kuhama anatakiwa ajue fani, kampasi na orodha ya kozi kabla hajanunua daftari. Kwa kijana aliyekwisha kuamua, sijaona bei nzuri kuliko hii. Kwa anayesitasita, mwaka mmoja wa ziada wa kodi ya chumba Los Angeles unameza sehemu kubwa ya alichookoa.

Mpwa wangu ameacha uhandisi. Sasa anataka uchumi, na ile fizikia iliyomkesha muhula mzima haimo kwenye orodha mpya.