Vifo vya Wodini Vinavyopita Bila Swali

Tangu nihamie Uingereza na kuanza kazi ya uuguzi katika wodi ya watu wazima, ndugu na marafiki walioko Tanzania huniuliza zaidi kuhusu mitambo na dawa, wakiamini kwamba hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya hospitali za huku na za nyumbani. Mitambo ipo, sikatai. Hata hivyo, tofauti iliyonigusa zaidi ni kile kinachofanyika mgonjwa akishafariki, wakati ambapo nyumbani jalada lake hufungwa na kupelekwa masjala.

Tangu tarehe 9 Septemba 2024, vifo vyote katika England na Wales, isipokuwa vile vya kutatanisha vinavyopelekwa kwa mchunguzi wa kisheria, lazima vipitiwe na daktari mzoefu ambaye hakumhudumia marehemu. Jalada husomwa, na familia huulizwa iwapo kuna jambo lililowatia wasiwasi katika matibabu ya ndugu yao. Ikionekana haja, hospitali hufanya mapitio ya kina, ambamo kila hatua ya huduma, kuanzia saa 24 za kwanza za kulazwa, hutolewa maelezo na kupewa alama 1 hadi 5, na palipofanywa vizuri nako husemwa.

Katika kikao kimoja cha namna hiyo tulisoma chati ya mgonjwa aliyekuwa akipumua mara 28 kwa dakika saa nane usiku, kasi inayopita kawaida, na kipimo kilichofuata kilikuwa cha saa kumi na mbili asubuhi. Nilikotoka, swali la kwanza lingekuwa nani alikuwa zamu. Pale waliuliza kwa nini kipimo kile hakikumfikia daktari, ikabainika kwamba wauguzi walikuwa pungufu na daktari wa usiku alikuwa na wodi kadhaa mikononi mwake, hivyo kilichobadilishwa ni utaratibu wa kumwita.

Wenzetu hawakufika hapo kwa hiari. Daktari Mwingereza Harold Shipman, aliyetiwa hatiani mwaka 2000 kwa kuua wagonjwa 15, na ambaye tume ilibaini baadaye kuwa aliua watu 215, alikuwa akisaini mwenyewe vyeti vya vifo vya aliowaua, na kashfa hiyo ndiyo iliyochochea madai kwamba vifo vipitiwe na daktari mwingine. Na hata leo, nakiri, yapo mapitio yanayofanywa ilimradi fomu ijazwe.

Nyumbani nako ujuzi upo. Kifo cha mama kitokanacho na uzazi hutakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24, kisha kikao hupitia mama alichelewa wapi: katika kuamua kwenda hospitalini, njiani, au baada ya kufika. Kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, vifo hivyo vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 hadi 104 mwaka 2022, ingawa sifa hiyo haiwezi kupewa vikao peke yake. Sioni sababu ya mzee aliyekufa kwa nimonia, au kijana aliyeletwa na kisukari kilichopanda, kutopewa haki hiyo hiyo ya kuulizwa.

Kinachokwamisha, kwa maoni yangu, ni hofu kuliko fedha. Kiongozi anapoingia wodini na kamera na kumsimamisha muuguzi kazi papo hapo, anaifundisha wodi nzima kuandika majalada yasiyosema kitu. Hofu yenyewe imepita kiasi: utafiti wa hospitali za England uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa asilimia 3.6 tu ya vifo vilivyopitiwa vingeweza kuzuilika, ilhali majalada mengine mengi yana mafunzo kuhusu rufaa iliyochelewa au dawa iliyorukwa. Hospitali ya wilaya inaweza kuanza na majalada machache kila mwezi, yakasomwa na daktari na muuguzi ambao hawakumhudumia marehemu, na mmoja wao akapewa jukumu la kuwapigia ndugu simu baada ya mazishi.