Si Kila Mchoro wa Vita Unahitaji Maiti

Vita vikizuka, lawama kwa wachoraji wa sanaa dhahania hazichelewi: watu wanakufa, nyinyi mnapaka mabaka ya rangi yasiyofanana na chochote. Wanaita huko kukimbia. Mimi naona kuna wachoraji walioacha kuchora sura za watu kwa sababu vita viliwafika karibu mno.

Mfikirie mchoraji Mfaransa Jean Fautrier. Mwaka 1943 alikuwa amejificha katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Châtenay-Malabry, karibu na Paris. Kutoka msitu wa jirani alisikia milio ya risasi, Wajerumani wakiwaua wafungwa. Hakuona, alisikia. Sasa angechora nini? Askari ambao macho yake hayakuwaona? Alirundika rangi nzito kama lipu juu ya karatasi, akaiparuza mpaka kikabaki kitu kama kichwa kilichopondwa. Mfululizo huo aliouita *Otages*, yaani mateka, ulionyeshwa Paris mwaka 1945. Hata mwandishi André Malraux, aliyeuandikia utangulizi, alitilia shaka waridi na kijani chake laini. Kwamba mauaji hayastahili kupendeza ni hoja nzito, wala siwezi kuipangua yote. Ila nyama ya binadamu nayo ina rangi ya waridi.

Alberto Burri alikuwa daktari katika jeshi la Italia. Alitekwa Tunisia mwaka 1943 na kupelekwa kambi ya mateka huko Hereford, Texas, na ni humo alimoanza kuchora. Miaka ya 1950 alikuwa akishona magunia makuukuu, yenye viraka na matundu yanayochungulia wekundu. Watu waliona majeraha na bendeji. Yeye alishikilia kwamba ni umbo na nafasi tu. Hapo simwamini sana.

Mchoraji Mjerumani Gerhard Richter ndiye anayewapa wapinzani silaha. Mwaka 2014 alihamishia kwenye turubai picha nne zilizopigwa kwa siri katika kambi ya mauaji ya Wanazi ya Auschwitz-Birkenau mwaka 1944 na wafungwa waliolazimishwa kuteketeza maiti za wenzao, kisha akazifunika kwa tabaka za rangi hadi zikapotea. Bila maelezo ukutani, nani atajua? Hakuna. Lakini hata *Guernica* ya Picasso ya mwaka 1937, pamoja na farasi wake na mama mwenye mtoto aliyekufa, haina ndege wala bomu. Jina ndilo linalokufikisha kwenye mji ule wa Wabasque, kaskazini mwa Hispania, uliopigwa mabomu mwaka huo.

Ninachokataa mimi ni jina la msiba kubandikwa kwenye mchoro uliokwisha kukamilika, eti kwa kuwa mji fulani umetajwa sana kwenye habari wiki hiyo. Richter alianza na picha zenyewe, na nakala zake zimekuwa zikionyeshwa pamoja na michoro hiyo, ili mtazamaji asipate nafasi ya kujifanya hajui kilicho chini ya rangi.